Shajara ya mradi: kurekodi simu za kol senta yetu hapa Malindi

Mradi uliopita sikuandika kitu, baada ya miezi mitatu naulizwa kwa nini ruta nimeiweka vile nilivyoiweka, nikawa nababaika tu kama mwanafunzi hajafanya homuwaki. Safari hii nikitoka kazini naandika, hata kama ni mistari miwili.

Wiki ya 1, Jumatatu

Kazi yenyewe. Kol senta ya viti 24, ghorofa ya pili, upande wa barabara ya Lamu. Simu ni za bukingi, vyumba vya Watamu na Casuarina, boti, magari ya kwenda Tsavo, watu kuchukuliwa uwanja wa ndege. Wateja nusu Wataliano nusu watu wa Nairobi wanaotafuta krismasi ya pwani. Simu haziingii Malindi moja kwa moja, zinaingia kwenye PBX yetu, yaani mtambo wa kuunganisha simu, iliyoko Nairobi (ni programu ya Asterisk), alafu zinaletwa huku kupitia handaki la VPN la WireGuard, yaani njia iliyofungwa kwa siri ndani ya intaneti. Huku kwetu kuna simu za mezani, hedseti, swichi na ruta. Basi.

Makao makuu wanataka vitu vitatu kabla ya Desemba: kila simu irekodiwe, supavaiza aweze kusikiliza simu ikiwa inaendelea bila ajenti kujua, na skrini ya ajenti nayo irekodiwe ili watu wa kwaliti waone alikuwa anabonyeza nini wakati anamwambia mteja "subiri kidogo sistimu iko polepole".

Bosi kwenye simu: "Fundi, kurekodi si ni kuwasha tu? Laini mnayo."

Laini tunayo, ni kweli. Faiba, ankara inasema "hadi megi 30", yaani megabiti 30 kwa sekunde. Neno la kuangalia hapo ni "hadi". Nimepima saa nne asubuhi mara tano: kushuka (data inayoingia kwetu) 29, kupanda (inayotoka kwetu) 6. Nikaandika 29 kwa kalamu nyekundu manake ndiyo iliyonifurahisha, hiyo 6 nikaiandika pembeni kidogo. Kumbukeni hiyo 6.

Jumanne

Hesabu. Kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) tunayotumia ni G.711, kila mtu anajua ni kilobiti 64 kwa sekunde. 64 mara 24 ni 1,536, yaani megi moja na nusu. Kurekodi nikaongeza kama hivyo tena, jumla megi 3. Nikamtumia bosi: "Tuko sawa, nafasi imebaki kubwa." Akajibu kidole gumba.

Naiacha hii hesabu hapa kama ilivyo, siifuti. Ni mbaya kwa njia tatu na nitazieleza zikifika zamu yake.

Alhamisi

Tumeweka programu ya kurekodi. Hii iliyonunuliwa (sikuulizwa, ilikuja tayari imelipiwa) inafanya kazi hivi: simu ya mezani yenyewe inatoa nakala ya mazungumzo na kuipeleka kwenye seva ya rekodi, na seva iko Nairobi. Tumejaribu na ajenti 6. Safi kabisa. Sauti wazi, rekodi zote zimefika, bosi amesikiliza tatu akacheka moja ambapo mteja anauliza kama hoteli iko mbali na bahari na ajenti wetu anamjibu "inategemea maji yamejaa au yamekupwa".

Kijana wa atachimenti akaniuliza, "Fundi, sita zikienda sawa si na 24 zitaenda?" Nikamwambia ndio. Allah anisamehe.

Wiki ya 2, Jumatatu

Tumewasha viti vyote 24 saa mbili asubuhi. Saa mbili hadi saa nne shwari. Nikaenda kunywa chai na mahamri nikiwa na furaha zangu.

Nimerudi saa nne na nusu nakuta Bi Mkubwa wa shifti (ndiye ajenti wetu mkongwe, sote tunamwita mama) ametoa hedseti ameiweka mezani.

"Shikamoo mama, kuna nini?"

"Marahaba. Mwanangu, wateja wananiambia rudia, rudia, mpaka koo limenikauka. Na mimi nawasikia wazi kama wako hapa Muyeye."

Nikasikiliza kwa hedseti yake. Kweli, mteja anasikika vizuri mno. Nikamwambia labda mteja ana simu mbovu. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akasema kwa Kitaliano maneno ambayo sikuyaelewa yote lakini "robot" nililielewa.

Hapa ndipo mtu anapoteza siku nzima. Ajenti wote wanasema wanasikia vizuri, kwa hivyo ukiwauliza "sauti iko aje?" wanakwambia poa. Anayeumia yuko upande wa pili wa bahari na hana namba yako ya kulalamika, anakata simu anaenda kubuki kwingine. Nimeangalia baadaye, simu za kati ya saa nne na saa saba zilikuwa fupi kuliko kawaida, watu walikuwa wanakata.

Saa saba watu wakaenda kula, simu zikapungua, sauti ikarudi yenyewe. Saa tisa ikaharibika tena.

Nimezima kurekodi. Sauti imerudi palepale, kama mtu kaondoa jiwe kwenye mfereji.

Jumanne, usiku

Sikulala vizuri, nimekaa na karatasi. Sasa naandika yale makosa matatu.

La kwanza, 64 ni sauti tupu. Sauti inakatwa vipande vya milisekunde 20, vipande 50 kila sekunde, kila kipande baiti 160. Lakini kipande (tunakiita pakiti) hakiendi uchi, kinavikwa vichwa, yaani lebo za kukielekeza njia: RTP (baiti 12), UDP (8) na IP (20), jumla 40. Sasa ni baiti 200, mara 50, mara 8, unapata kilobiti 80. Hapo bado iko mtaani tu haijapanda basi.

La pili, handaki. WireGuard inachukua zile baiti 200, inazijaza hadi zigawanyike kwa 16 (zinakuwa 208), alafu inaongeza 60 za kwake ukitumia IPv4 (anwani za intaneti za aina ya zamani). 268. Mara 50 mara 8 ni kilobiti 107.2. Hiyo 107 ndiyo namba ya kweli ya sauti moja kwenda upande mmoja kwetu. Sio 64. Nimeibandika ukutani.

La tatu ndilo lililoniua. Nilikuwa nahesabu laini kama bomba moja. Laini ni mabomba mawili, la kushuka na la kupanda, na ajenti akiongea na mteja, sauti ya mteja inashuka na sauti ya ajenti inapanda, moja moja. Hiyo haina shida. Lakini simu ya mezani ikitoa nakala kupeleka Nairobi, inapeleka nakala ya sauti ya ajenti NA nakala ya sauti ya mteja. Sauti ya mteja imeshuka kutoka Nairobi ikafika Malindi, alafu inageuzwa inapandishwa tena Nairobi kulekule ilikotoka! Kwa hivyo kupanda kuna mikondo mitatu kwa simu moja: sauti yenyewe, nakala yake, na nakala ya mteja. 107.2 mara 3 ni 321.6.

321.6 mara 24 ni megi 7.7. Na kupanda tunayo 6.

Zile ajenti 6 za Alhamisi zilikuwa megi 1.9 tu, ndio sababu zilipita zikicheka. Ukitoa karibu megi moja ya mambo mengine ya ofisi inabaki 5, na 5 inabeba simu 15. Wa 16 akishika simu haharibikiwi yeye peke yake, wanaharibikiwa wote 16, kwa sababu pakiti zinapanga foleni moja na ruta haijui nani alitangulia kuingia kazini. Na kushuka kulikuwa kweupe, megi 2.6 kati ya 29, ndio maana Bi Mkubwa alikuwa anawasikia kama wako Muyeye.

Jumatano

Nimempigia bosi nikamwambia hesabu ya wiki iliyopita ilikuwa yangu na ilikuwa mbaya. Hakunigombeza sana. Akaniuliza swali la mtu wa biashara: "Tuongeze laini?"

Ndilo jibu la haraka, na nusu ya mafundi ninaowajua wangesema ndio hapohapo, manake laini ikiongezwa lawama inaisha. Lakini kulipa kila mwezi ili sauti ya mteja isafiri Nairobi, Malindi, Nairobi, ni kama kununua samaki Malindi ukampeleka Mombasa akapimwe alafu umrudishe kupika. Nikamwambia nipe wiki.

Akaja na lingine: "Kuna kodeki ndogo, G.729, kilobiti 8. Tukitumia hiyo?"

Hili limenichukua muda kumweleza kwa hivyo naliandika vizuri. G.729 ni kilobiti 8 ya sauti, baiti 20 kila kipande. Vichwa 40 juu yake, inakuwa 60. Handaki inaifanya 64, inaongeza 60, inakuwa 124. Mara 50 mara 8 ni kilobiti 49.6. Yaani jina lake ni 8 lakini barabarani inatembea ikiwa karibu 50. Ni kutuma halua ya robo kilo ndani ya katoni ya friji, mwenye lori anakutoza nafasi ya katoni hakuulizi halua. Ni kweli inaingia, mara 3 mara 24 ni megi 3.6. Lakini sauti inashuka ubora, na ikifika PBX inabadilishwa tena kuwa kodeki nyingine ili itoke nje, na watu wa kwaliti wanataka kusikia kama ajenti alisema "kumi na tatu" au "thelathini". Unaweza pia kutuma vipande vya milisekunde 40 badala ya 20 ili vichwa vipungue nusu, lakini unaongeza kuchelewa, na pakiti moja ikipotea inapotea na silabi nzima. Nimeiweka G.729 pembeni, itakuja kutumika siku ya dharura.

Ijumaa

Baada ya swala nilikaa barazani nikawaza kitu ambacho nilipaswa kukiwaza siku ya kwanza: simu ya mteja tayari inapita Nairobi. PBX iko pale, mikondo yote miwili inapita mikononi mwake. Asterisk yenyewe ina MixMonitor ya kurekodi. Ikirekodi palepale, laini ya Malindi haiongezewi hata biti moja. Sifuri.

Kwa nini hatukuanza hivyo? Sababu programu ilikuwa imeshanunuliwa. Ndivyo ilivyo, kitu kikishalipiwa kinatafutiwa kazi.

Nimejaribu jioni na simu 10 za kweli. Rekodi zote ziko Nairobi, grafu ya kupanda imelala chini haijashtuka. Nimefurahi mpaka kijana wa atachimenti akaniuliza, "Na zile za kupigia hoteli?"

Nikanyamaza.

Manake kweli. Ajenti akimaliza na mteja anapigia risepsheni ya hoteli Watamu au dereva wa gari, kupitia ekstensheni za ndani, na hizo sisi tumeziacha sauti ipite moja kwa moja kati ya simu na simu bila kupitia PBX. PBX inawaunganisha alafu inajitoa. Kwa hivyo haisikii kitu, haiwezi kurekodi. Na ugomvi mwingi wa bukingi uko hapo hapo, hoteli inasema "hatukuambiwa vyumba viwili" na ajenti anaapa aliwaambia.

Njia ya kivivu ni kuilazimisha sauti yote ipite Nairobi. Haiongezi mkondo wa kupanda kwa upande wetu, lakini simu ya kutoka Malindi kwenda Watamu, mwendo wa kama kilomita 20, inakwenda Nairobi na kurudi, na zile hoteli laini zao ni nyembamba kuliko yetu na zina kuchelewa kwake. Kipimo cha ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), G.114, ni kuchelewa kusizidi milisekunde 150 upande mmoja ili watu waongee bila kukatizana. Tungekuwa ndani bado, ila sikupenda.

Wiki ya 3, Jumatatu na Jumanne

Uamuzi: simu za nje zirekodiwe na PBX Nairobi. Za ndani zirekodiwe hapa Malindi kwa kompyuta ndogo niliyoifunga ndani ya kabati la swichi, inapokea nakala ya trafiki kupitia poti ya kioo. Swichi inaambiwa, kila pakiti inayopita VLAN ya sauti (kijimtandao cha simu peke yake) nipe na nakala yake kwenye poti ya 24. Simu hazijui, ajenti hajui, laini ya nje haijui. Hapo ndani ya jengo tuna gigabiti nzima, megi mbili tatu za sauti ni tone baharini.

Mambo mawili yalinitoa jasho.

Rekodi za kwanza zilikuwa na sauti inayokwaruza, kila neno kama linasemwa mara mbili na watu wawili wanaofanana. Kumbe nilikuwa nimeweka kioo cha kuingia na kutoka kwenye poti zote, kwa hivyo pakiti ikiingia poti ya 3 inanakiliwa, ikitoka poti ya 9 inanakiliwa tena. Nimebakisha ya kuingia tu, pamoja na poti ya ruta, ikatulia.

La pili, simu nne mpya zilikuwa zinarekodi kelele, kama mvua juu ya mabati. Hizo zilikuja zimewashwa SRTP, yaani zinafunga sauti kwa ufunguo, na kioo kinaona pakiti lakini hakina ufunguo. Nilikuwa na chaguo: kuzima SRTP ndani ya jengo au kurudi kwenye njia ya simu kutoa nakala. Nimezima kwa VLAN ya ndani peke yake, na kutoka nje yote bado iko ndani ya handaki. Nimeandika kwa bosi akubali kwa maandishi, sio kwa kidole gumba.

Mafaili ya za ndani yanabadilishwa kuwa Opus (kodeki nyingine) ya kilobiti 24, karibu megabaiti 11 kwa saa ya maongezi, yanapakiwa Nairobi saa saba usiku wakati hata mbwa wa barabarani amelala.

(Hapa niseme jambo, megi na megabaiti si kitu kimoja. Bosi ameona faili ya megabaiti 10 akasema kwa laini ya megi 10 ni sekunde moja. Ni sekunde nane. Baiti ni biti nane. Nimelisema hili mwaka huu mara nyingi kuliko nilivyosema habari ya asubuhi.)

Alhamisi

Kusikiliza simu ikiendelea. Hii nilikuwa naiogopa na ikawa ndiyo nyepesi. Supavaiza wa Nairobi akisikiliza, anasikiliza kwenye PBX, sisi hatuguswi. Supavaiza wa hapa Malindi akisikiliza ajenti aliyeko mita tatu kutoka kwake, sauti mbili zinachanganywa Nairobi na kushushwa kwake mkondo mmoja, 107 ya KUSHUKA, ambako tuna nafasi ya kuchezea. Kupanda simu yake inatuma kimya, lakini angalia, kimya kwa G.711 nacho ni 107 kamili isipokuwa umeizima mike upande wa simu na umewasha kutambua ukimya. Masupavaiza ni wawili. Nimewahesabia 214 za kupanda, nisije nikajidanganya tena.

Wanaosubiri kwenye foleni wanaskiza muziki Nairobi, hawali laini yetu. Hilo pia bosi aliniuliza, ni swali zuri.

Wiki ya 4, Jumatatu

Skrini. Hapa ndipo kuna mlima.

Tumepima kwa kompyuta tatu, fremu chache kwa sekunde, ajenti akiwa kwenye ukurasa wa bukingi bila video. Wastani umekuja karibu kilobiti 200, ikiruka juu kila akifungua picha za vyumba. Moja kwa moja kwenda Nairobi, 24 mara 200 ni megi 4.8 ya kupanda juu ya sauti. Haiwezekani. Kwa hivyo zirekodiwe kwenye kompyuta ndogo hapa na zipakiwe usiku. Haya, saa 7 za kazi mara watu 24 kwa kilobiti 200 ni gigabaiti 15 kwa siku. Kupakia kwa megi 4 ni masaa 8 na dakika 24. Kol senta inafungwa saa nne usiku inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, ni masaa 8. Yaani kila siku inabaki dakika 24 ya deni, na Ijumaa una masaa mawili, na mwezi ukiisha diski imejaa na hakuna anayejua kwa nini.

Nimempigia dada wa kwaliti, kwa heshima nikamuuliza, wewe kwa siku unaangalia skrini ngapi? Akasema ukweli wake, kama ishirini. Ishirini! Kwa simu mia kadhaa. Tumekubaliana irekodiwe skrini ya simu moja kati ya tano, inachaguliwa kwa kubahatisha, na ajenti mpya wiki mbili za kwanza zote. Gigabaiti 3, saa moja na dakika 40 usiku. Imeisha.

Nafikiri hii ndiyo simu iliyookoa pesa nyingi zaidi mradi mzima na sikugusa ruta.

Jumatano

Mambo ya sheria, sikutaka kuyaandika lakini yamegusa mitambo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ya hapa Kenya inataka mtu aambiwe kama maelezo yake yanachukuliwa na ni ya kazi gani, kwa hivyo kuna tangazo kabla ya simu kushikwa, Kiswahili, Kiingereza na Kitaliano. Kitaliano ametusomea mzee mmoja aliyefanya kazi na Wataliano kule Ngomeni kituo cha roketi, ana lafudhi kuliko wenyewe.

La pili ni kadi. Mteja anataja namba ya kadi na zile tatu za nyuma, na viwango vya PCI DSS (vya usalama wa kadi za malipo) vinakataza kuzihifadhi zile tatu baada ya malipo kupita, hata kwenye sauti. Tumeweka kitufe, ajenti akifika malipo anabonyeza rekodi inasimama na skrini inasimama. Jaribio la kwanza sauti ilisimama skrini ikaendelea, namba zote ziko wazi kama bango. Tumefuta, tumerekebisha, sasa kitufe kimoja kinazima vyote. Bi Mkubwa ameniuliza, "Na nikisahau kubonyeza?" Hana makosa. Nimeweka iwe inajizima yenyewe ukurasa wa malipo ukifunguliwa, kitufe kimebaki cha akiba.

Wiki ya 5, Jumatatu

Kupanga foleni kwenye ruta. Pakiti za sauti nimezipa alama ya EF (DSCP 46), yaani alama ya kupita mbele, za rekodi na mafaili daraja la chini kabisa. Lakini alama hizi zinaheshimiwa ndani kwetu tu, zikitoka kwenye intaneti ya watu hakuna anayeziangalia. Ujanja ni kuiwekea ruta yetu kikomo chini kidogo ya uwezo wa laini, nimeweka 5.5 kwa ile 6, ili foleni ikitokea itokee kwenye ruta yangu ninayoitawala, sio kwenye kisanduku cha mwenye laini ambacho kinashika pakiti nyingi tumboni na kuzitoa zikiwa zimechelewa.

Hesabu ya mwisho ya kupanda, mchana, watu wote 24 wakiongea: 24 mara 107.2 ni 2,573, masupavaiza 214, karibu megi 2.8. Nusu ya 5.5. Mafundi wa zamani wanapenda sauti isizidi theluthi ya laini, sisi tumezidi, najua. Nimekubali kwa sababu mafaili makubwa yote yamehamia usiku, na kwa sababu 24 ndio mwisho, kiti cha 25 hakuna. Hesabu za Erlang, yule Mdenmaki wa simu, nilizipiga pia: simu 200 kwa saa za dakika 5 ni erlang 16.7, yaani kwa wastani watu 17 wanaongea wakati mmoja. Lakini laini haiharibiki kwa wastani, inaharibika saa nne na nusu wakati Bi Mkubwa yuko na Mtaliano. Nimepanga kwa 24.

Katika kutafuta ile megi moja ya "mambo mengine" nimekuta kamera ya lango inapandisha video masaa 24 kwenda kwenye simu ya mwenye jengo. Tumeongea naye vizuri, sasa inarekodi kwa kadi yake na anaitazama akitaka.

Jumamosi

Jaribio. Kabla ya ofisi kufunguliwa tumetumia SIPp (programu ya kujaribu mitambo ya simu) kupiga simu 24 za uongo kwa pamoja na sauti ya kweli ndani, na faili kubwa likipakiwa makusudi. Dakika 40. Pakiti zilizopotea hazikufika hata moja kwa mia. Alafu nimechomoa faiba. Laini ya akiba ya simu za mkononi imeshika baada ya sekunde kadhaa, simu zote zilizokuwa hewani zikakatika, hilo tulilijua, mpya zikaingia. Kupanda kwa akiba kunacheza, mara 4 mara chini ya 2, kwa hivyo kwenye akiba ajenti wanabaki 12, kodeki inageuka G.729, skrini hazirekodiwi. Sauti ya simu za nje inarekodiwa kama kawaida manake iko Nairobi na haigharimu kitu huku.

Kijana wa atachimenti amejaribu kuwapigia watu Kitaliano cha ufukweni kwenye simu za majaribio. Rekodi zipo. Sifuti.

Wiki ya 6, Jumatatu

Viti vyote 24, rekodi zimewashwa, saa nne na nusu nilisimama nyuma ya Bi Mkubwa sikwenda kunywa chai. Mteja mmoja, wa pili, wa tatu. Akageuka akasema, "Mwanangu, mbona umenisimamia kama askari wa kanjo? Nenda kale."

Yaliyobaki: viunganishi viwili vya antena ya akiba juu ya paa vimeshaanza kijani cha chumvi, vibadilishwe na vifungwe mpira kabla kaskazi haijashika. Ile programu ya simu kutoa nakala bado imelipiwa miezi saba, nimeuliza kama pesa inarudi, sijajibiwa. Na bosi ameuliza kama mwakani tunaweza kuongeza viti 10. Nimemtumia 107 mara 34, na neno KUPANDA kwa herufi kubwa.